Mkate na Saa Zake: Mwongozo Kamili wa Kununua, Kuoka, Kutunza na Kufaidi Mkate

Ukisimama mbele ya meza ya mikate, usiulize "ni wa leo huu?" Swali hilo lina jibu moja tu, na muuzaji analo mdomoni kabla hujamaliza kuuliza. Uliza "umetoka tanurini saa ngapi?" Anayejua atakutajia saa bila kukuna kichwa. Asiyejua atababaika, na kubabaika huko nako ni jibu.

Nauliza saa kwa sababu mkate una saa zake. Ule uliotoka motoni sasa hivi, ule wa jioni yake, ule wa kesho na ule wa keshokutwa ni vyakula vinne tofauti, kila kimoja na kazi yake. Wengi wanaolalamika kwamba mkate fulani haufai wamekula mkate mzuri kwa saa isiyo yake: wameukata ungali na moto ukawa kama ubwabwa, au wameuweka kwenye friji wakashangaa umekuwa ubao. Kwa hiyo mwongozo huu unaufuata mkate kwa umri wake, kuanzia unaponunuliwa au kuokwa hadi chenga zake za mwisho.

Maneno mawili kwanza. Sehemu ngumu ya nje nitaiita ganda. Ile laini ya ndani nitaiita nyama, kama tusemavyo nyama ya tunda.

Ndani ya bekari

Siku ya kwanza usiende kununua tu, nenda pia kuuliza ratiba. Bekari nyingi huoka zaidi ya mara moja kwa siku, na mkupuo wa mchana au alasiri mara nyingi haugombaniwi kama ule wa alfajiri. Ukishaijua ratiba, panga safari zako uifuate.

Ukiingia, usinunue harufu. Harufu inayokupokea mlangoni ni ya mkate ulio motoni wakati huo, wala si lazima iwe ya ule ulioko rafuni. Tena yako maduka yanayopokea mikate iliyookwa nusu kwingine na kugandishwa, wao wakamalizia kuipa rangi tu. Hilo si kosa, lakini mkate wa namna hiyo huwahi kukakamaa, kwa hiyo ununue wa kula siku hiyohiyo.

Sasa tazama rangi. Mwaka 1912 mwanakemia Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza namna sukari na asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, vinavyoungana vikipata joto. Muungano huo ndio unaolipa ganda ukahawia wake na sehemu kubwa ya harufu tunayoipenda. Maana yake ni kwamba mkate wenye ganda gumu ukiwa mweupe umeshanyimwa ladha ambayo siagi haiwezi kuirudisha. Wanunuzi wengi hukimbia ule uliokolea wakidhani umeungua. Ulioungua utaujua: ni mweusi na unanuka moshi. Uliokolea una rangi ya kahawa au ya mbao iliyopakwa vanishi, na harufu yake inakaribia ya karanga zilizokaangwa. Mimi huomba ule wa nyuma uliokataliwa na waliotangulia, na sijawahi kujuta. (Kanuni hii haiuhusu mkate laini wa slesi. Huo huokwa uwe na ganda jembamba, la rangi ya dhahabu.)

Baada ya rangi, omba uoneshwe tumbo la mkate. Juu kunaweza kupambwa kwa unga, ufuta na mikato ya wembe, lakini chini hakuna mapambo. Tumbo likiwa limepauka au lina unyevu, mkate umetolewa mapema. Likiwa la kahawia na kavu, muuzaji akiligonga kwa kidole litatoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani, kama ngoma ndogo. Kwa mkate mzito wa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, usitegemee sauti hiyo, maana nyama yake imeshikana.

Kwa mkate uliofungwa, soma orodha ya viambato. Kwa kawaida kilichotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote kwa uzito. Hapo ndipo utakapogundua kwamba mkate wa kahawia si lazima uwe wa ngano isiyokobolewa: unaweza kuwa unga mweupe uliotiwa rangi ya sukari iliyounguzwa. Na maneno "nafaka nyingi" yanahesabu aina za nafaka tu. Hayasemi kama nafaka hizo zimekobolewa au la.

Neno jingine la kuulizia ni chachu. Mkate wa chachu halisi huumuliwa na mchanganyiko wa unga na maji ulioachwa mpaka hamira za asili na bakteria wa asidi wakaota humo. Hufanya kazi polepole, na uchachu wake unatoka kwa hao bakteria. Siku hizi yapo madonge yanayoumuliwa kwa hamira ya dukani yakaongezewa siki kidogo, kisha yakaitwa chachu. Swali la kuuliza ni lilelile la saa: "donge lenu hulala saa ngapi kabla ya kuokwa?" Anayefanya kazi ya chachu atakujibu kwa saa nyingi, pengine usiku kucha. Na wenye ugonjwa wa siliaki, yaani wanaodhuriwa na gluteni, protini iliyomo katika ngano, wasidanganywe kwamba chachu huiondoa. Mkate wa chachu wa ngano wa kawaida bado una gluteni ya kuwadhuru.

Sokoni

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini sokoni hata mkate mwema unaweza kuharibiwa na mahali ulipowekwa. Tazama meza kabla ya kutazama mkate. Je, iko kivulini? Mikate imefunikwa kwa kitambaa safi au imeachiwa vumbi na nzi? Anayekuhudumia anashika pesa na mkate kwa mkono uleule? Mkate wenye ganda gumu uliofungwa kwenye plastiki na kuachwa juani hutoka jasho. Ukiona matone ndani ya mfuko, pita.

Uzuri wa soko ni kwamba aliye mbele yako mara nyingi ndiye mwokaji, au ni mtu wa nyumbani kwake. Muulize unga gani, ameoka lini, na angekuwa yeye angeula na nini. Kama ana vipande vya kuonja, onja, lakini usiminye mikate ili kuipima. Mkate unaominywa na kila mpita njia jioni haufai kwa yeyote. Yeye mwenyewe ndiye aushike na kukugongea.

Mkate mkubwa ukiuzwa kwa nusu au robo, chukua huo badala ya mdogo mzima. Mkubwa una eneo dogo la nje ukilinganisha na ujazo wake, hivyo unyevu hauukimbii upesi. Sehemu iliyokatwa pia inakuonesha mambo ya ndani bure. Tafuta nyama iliyoiva sawasawa, isiyo na mstari wa unga mbichi karibu na tumbo. Matundu makubwa au madogo si kipimo cha ubora. Ni mtindo tu, na matundu makubwa yana hasara yake: jemu hupenya ikaishia mkononi.

Karibu na kufunga, bei hushuka. Mkate wa saa hiyo ni mali, almradi unajua unaununua kwa kazi gani: kuubanika kesho, au kuugandisha usiku huohuo.

Saa sifuri: kuoka mwenyewe

Kama hakuna bekari ya kuaminika karibu nawe, saa ya kwanza ya mkate iko jikoni kwako. Nitaeleza mkate mmoja tu, usiohitaji mashine wala mikono yenye nguvu, kwa sababu kazi ya kukanda inafanywa na muda.

Waokaji hupiga hesabu kwa asilimia ya unga. Unga ni 100, vingine vyote hupimwa dhidi yake. Ukiijua hesabu hiyo, hutahitaji kukariri vipimo vya watu. Kwa mkate huu: unga wa ngano gramu 500, maji gramu 350 (asilimia 70), chumvi gramu 10 (asilimia 2), na hamira kavu ya chembe ndogo robo kijiko cha chai, ambayo ni takriban gramu 1. Tumia mizani ukiweza. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kupishana na kingine kwa namna ulivyouchota tu, na hapo ndipo wengi wanapoanza kumlaumu mwandishi wa maelekezo.

1. Jioni, changanya vitu vikavu kwenye bakuli kubwa, mimina maji yasiyo baridi wala moto, koroga kwa mkono au mwiko mpaka unga mkavu usionekane. Donge litakuwa na sura mbaya na litanata. Liache hivyo. Kama unga wako haunywi maji vizuri na donge linatiririka, safari ijayo anza na gramu 325.

2. Baada ya nusu saa, lowesha mkono, vuta ukingo mmoja wa donge ulikunje juu yake, zungusha bakuli, rudia mara nne. Utashangaa jinsi lilivyobadilika bila kukandwa: protini za unga zimekwisha kunywa maji na kuanza kujisuka kuwa gluteni. Funika.

3. Acha usiku kucha. Chumba cha joto la wastani, nyuzi 20 hivi, kinataka saa 12 au zaidi. Penye joto jingi saa 8 zinaweza kutosha. Usitazame saa pekee, tazama donge: limekaribia kuwa mara mbili, juu lina mapovu, na ukilitikisa linatetemeka. Likishaanza kubonyea katikati na kunuka pombe kali, limepitiliza.

4. Nyunyiza unga mezani, limwage donge, likunje pande zote kuelekea katikati, ligeuze na ulivute kidogokidogo kwa viganja mpaka juu pakaze kama ngozi ya ngoma. Liweke kwenye karatasi ya kuokea, ulifunike kwa takriban saa 1.

5. Wakati huo, washa oveni nyuzi 240 ukiwa umeshaweka ndani sufuria nzito ya chuma pamoja na mfuniko wake. Ipate moto kweli, nusu saa au zaidi.

6. Bonyeza donge kwa kidole chenye unga. Alama ikirudi mara moja, bado. Ikirudi polepole na kuacha kovu, ni wakati. Chora mkato mmoja juu kwa wembe, ingiza donge pamoja na karatasi yake kwenye sufuria, funika. Dakika 30 na mfuniko, kisha dakika 15 hivi bila mfuniko mpaka ufike rangi tuliyoisema.

Sufuria yenye mfuniko inafanya kazi ya tanuri la bekari. Mvuke wa donge lenyewe unabaki ndani, uso wa mkate unakaa laini, na hivyo mkate unapata nafasi ya kupanda kabla ganda halijakaza. Ndiyo maana mkate uliookwa wazi kwenye oveni kavu mara nyingi hupasukia ubavuni: ganda limefunga mlango, gesi ikatafuta dirisha. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, katikati ya mkate pasome nyuzi 95 au zaidi.

Saa ya kwanza: subira

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hapa matumbo yavumilie. Mkate unaotoka motoni haujamaliza kuiva. Wanga wa ndani bado ni laini kama uji mzito na mvuke unaendelea kutoka. Ukiukata sasa, kisu kinaikandamiza nyama ikawa ya kunata, na kilichobaki kinakauka kwa sababu mvuke umekimbia wote kwa mkupuo. Uweke kwenye wavu ili hewa ipite chini, usubiri angalau saa 1. Mkate mzito wa rai unasubiri mpaka kesho yake. Si masharti ya kujionesha, ndivyo nyama yake inavyotulia na ladha ikakaa sawa.

Sogeza sikio karibu. Ganda jembamba lililookwa vizuri hulialia likipoa, kwa sauti ndogo za kupasuka. Ni ganda gumu na nyama laini vinasinyaa kwa kasi tofauti.

Niliwahi kununua mkate mkubwa wenye moto, nikaona fahari, nikautia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga fundo ili "usipoe". Nilipofika nyumbani ganda lilikuwa kama kitambaa kilichokamuliwa nusu. Mkate wenye moto husafiri kwenye karatasi au kitambaa, mdomo wa mfuko ukiwa wazi. Hakuna njia nyingine.

Kukata

Kisu cha mkate ni cha meno, kirefu kuliko mkate wenyewe. Kiendeshe mbele na nyuma kama msumeno, uzito wa mkono ukiwa mdogo. Meno ndiyo yanayokata. Mkate wenye ganda gumu juu na nyama laini ulaze ubavu, uanzie ubavuni, na hautabonyea. Unene hufuata uzito wa mkate: rai nzito ikatwe nyembamba ya milimita 6 au 7, mkate mwepesi wenye matundu uende hadi sentimita 2.

Kata kwa mahitaji tu, kwa sababu kila uso mpya ni mlango wa unyevu kutoka. Wasiwasi huo ni wa zamani. Otto Rohwedder alipoanza kuuza mashine yake ya kukata mikate, iliyotumika kibiashara kwa mara ya kwanza Julai 1928 katika mji wa Chillicothe, Missouri, Marekani, waokaji walihofia slesi zitakauka kabla hazijaliwa. Kwa hiyo mashine yake haikuishia kukata, bali ilifunga mkate hapohapo. Nyumbani hatuna mashine ya kufunga.

Kuonja

Slesi ya kwanza ya mkate mpya iende mtupu. Ikunje katikati, uweke pua kwenye mkunjo na kuvuta harufu: ngano, maziwa mgando, karanga, pengine siki kwa mbali. Kisha kula kipande cha nyama peke yake, ukitafune muda mrefu kuliko ulivyozoea. Kimeng'enya kilichomo katika mate huanza kuuvunja wanga kuwa sukari, na mkate wenye ladha hafifu mwanzoni unakuwa mtamu mdomoni. Halafu ganda peke yake. Ukishafanya hivyo kwa mikate miwili ya kutoka sehemu mbili, utakuwa unajua unachokipenda na kuweza kukiomba kwa jina: kilichokolea zaidi, kisicho kichachu sana, chenye chumvi kidogo.

Hapo ndipo siagi inaingia, nayo iwe laini. Siagi ngumu ya friji huchana nyama ya mkate, na ndiyo sababu mikate mingi mizuri hufika mezani ikiwa na majeraha. Katika kuoanisha, uchachu hupenda mafuta, kwa hiyo mkate wa chachu huenda na siagi, jibini lililokomaa au mafuta ya zeituni. Mkate laini wenye sukari kidogo hupenda chumvi. Ule wa nafaka zisizokobolewa huenda na asali. Nimeona watu wakigeuza kanuni hizi na kufurahi, nami sina ugomvi nao.

Siku ya pili na kuendelea: kutunza

Wengi wanaamini mkate hukakamaa kwa sababu umekauka. Mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionesha kwamba mkate hukakamaa hata ukizuiwa usipoteze maji, na kwamba ukipashwa moto unarudi kuwa laini. Kinachotokea ni kwamba wanga, ambao ulilainika na kunywa maji wakati wa kuoka, unaanza kujipanga upya kuwa fuwele zilizoshikana. Maji hayajaondoka yote, ila yamehama: mengine yamenaswa, mengine yamekimbilia kwenye ganda. Ndiyo maana mkate wa jana una nyama ngumu na ganda legevu kwa wakati mmoja.

Jambo la kulishika hapa ni hili: kujipanga huko kwa wanga huenda mbio zaidi kwenye baridi ya juu kidogo ya kuganda, yaani baridi ya friji yako hasa. Friji inachelewesha ukungu lakini inauzeesha mkate. Friza, kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, inasimamisha vyote viwili. Kwa hiyo mkate una makao mawili tu, mezani au kwenye friza.

Mezani, mkate wenye ganda gumu ulaze uso uliokatwa chini juu ya ubao, bila kufunika, kwa siku ya kwanza. Baada ya hapo uutie kwenye mfuko wa karatasi, kitambaa au sanduku la mkate lisiloziba kabisa. Plastiki italegeza ganda na kuita ukungu. Mkate laini wa slesi, ambao hauna ganda la kupoteza, ndio unaofaa kukaa kwenye plastiki yake, mbali na jiko na jua. Mikate yenye mafuta, maziwa au sukari hukaa laini kwa muda mrefu kidogo, na ile ya chachu huchelewa kuota ukungu kwa sababu ya asidi yake. Penye joto na unyevu mwingi, usishindane na hali ya hewa: weka mezani utakaoliwa ndani ya siku moja au mbili, uliobaki uende kwenye friza.

Ugandishe mapema, siku ileile ulipookwa, ukiwa umepoa kabisa. Usisubiri uzeeke kwanza, kwa maana friza haimrudishii mtu ujana. Kata slesi, tenganisha kwa vipande vya karatasi zisigandamane, toa hewa kwenye mfuko uwezavyo. Ndani ya miezi 3 ladha itakuwa bado nzuri. Slesi zilizoganda zinaingia kwenye kibanikio moja kwa moja. Mkate mzima unayeyuka mezani ukiwa ndani ya mfuko wake, kisha unapitishwa kwenye oveni.

Ukungu ukionekana, hata doa moja, tupa. Nyama ya mkate ni matundu matupu, na nyuzi za ukungu huwa zimepita ndani zaidi ya pale jicho linapoona, pengine na sumu zake. Kukata doa na kula kinachobaki ni kamari, na usiunuse kuhakikisha, kwa sababu mbegu zake zinaingia puani. Kuna ugonjwa mwingine usiojulikana sana: ukimega mkate na nyama ikavutika kama nyuzi za gundi, huku ikinuka tunda lililoiva kupita kiasi, huo umeingiwa na bakteria wanaostahimili joto la oveni. Nao tupa, kisha osha sanduku na ufute kwa siki.

Kuufufua

Kwa kuwa wanga uliojipanga huvunjika tena ukifika takriban nyuzi 60, mkate uliokakamaa lakini haujaota kitu unaweza kurudi. Pitisha ganda lake haraka chini ya maji ya bomba, ukiepusha uso uliokatwa, uingize kwenye oveni ya nyuzi 190 kwa dakika 8 hadi 12. Maji yanageuka mvuke, nyama inalainika, ganda linakaza. Mara ya kwanza niliponyunyizia mkate maji nilijiona naharibu chakula. Sasa ndivyo ninavyofanya kabla wageni hawajafika.

Huna oveni? Sufuria nzito yenye mfuniko juu ya moto mdogo, matone machache ya maji pembeni, dakika 5 kila upande. Maikrowevu italainisha kwa dakika chache tu kisha mkate ugeuke mpira, kwa hiyo iwe ya dharura, na ule ukiwa umesimama hapohapo.

Ufufuo huu ni wa mara moja. Pasha kiasi kitakacholiwa ndani ya saa hiyo, kwa sababu ukipoa tena unakakamaa zaidi ya mwanzo.

Mkate mkuukuu

Siku ya tatu na ya nne ndizo zinazotupiwa mikate mingi, nazo ndizo nizipendazo jikoni. Mkate uliokakamaa hunywa majimaji bila kusambaratika, jambo ambalo mkate mpya hauwezi. Weka kipande kinene chini ya bakuli na umiminie mchuzi au supu: utabaki na umbo lake mpaka kijiko cha mwisho. Ulowekwe kwenye mayai na maziwa kisha ukaangwe kwa siagi, na hapo ukitumia mkate wa leo utapata uji. Ukatwe vidonge, upakwe mafuta na chumvi, ubanikwe ukauke, kisha utupwe juu ya kachumbari dakika ya mwisho.

Wa siku ya tano hukauka kabisa. Uvunje, ukaushe kwenye oveni ya nyuzi 130 mpaka ukiminya kipande kisibonyee, acha upoe, usage au uponde ndani ya kitambaa, uchekeche. Chenga zilizo kavu kweli hukaa wiki kadhaa kwenye kopo lililofungwa: za kupakia samaki kabla ya kukaanga, za kushikisha kababu, za kunyunyiza juu ya mboga iliyo na jibini ili ipate ganda. Zikiwa na unyevu hata kidogo zitaota ukungu koponi, kwa hiyo ukizisikia laini mkononi, zirudishe motoni dakika 10.

Vile vipande vya ganda visivyosagika, vilivyobaki kwenye chekecheo, mimi huvikaanga na kitunguu saumu na mafuta kidogo, navyo huliwa vyote kabla havijafika mezani.